Tarbell alivyoipekua Standard Oil

IDA Tarbell alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka wa 1857. Babake, mfanyabiashara mdogo wa mafuta, aliathiriwa na njama ya 1872 ambapo kampuni za reli na wasafishaji wakubwa, akiwemo John D. Rockefeller, walipanga kuwakandamiza wengine kwa nauli za mizigo.

Kuanzia 1902, Tarbell alichapisha katika jarida la McClure's makala 19 kuhusu Standard Oil, kampuni ya bwanyenye huyo. Ushahidi wake mwingi haukuwa siri hata kidogo: ulilala, umejaa vumbi, katika kumbukumbu za mahakama na ripoti za kamati za bunge. Kijitabu adimu kuhusu njama ya 1872 kilipatikana katika maktaba ya umma, New York.

Mnamo 1911 Mahakama ya Juu iliamuru Standard Oil ivunjwe. Tarbell alifariki 1944.