Vesey-FitzGerald: Mtaalamu wa nzige aliyesoma malisho ya Rukwa

MFANYABIASHARA anayetoka Kipili hupanda hadi Namanyere, juu ya uwanda wa Ufipa. Akizidi kwenda mashariki, ardhi huporomoka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Huko ndiko Desmond Vesey-FitzGerald alikojijengea jina, ingawa kilichomleta ni nzige.

Alizaliwa mwaka 1909 na alikuwa mtaalamu wa wadudu. Alishughulikia wadudu waharibifu wa minazi Shelisheli, kisha nzige wa jangwani Arabuni.

Kati ya mwaka 1930 na 1944, nzige wekundu kutoka mbuga za Rukwa na Mweru wa Ntipa walisambaa na kuteketeza mazao katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Vesey-FitzGerald akawa mwanasayansi wake.

Kwa kuwa nzige huzaliana nyasini, ilimlazimu azijue nyasi na walaji wake wote. Aligundua kuwa wanyamapori hawali ovyo, bali hupokezana. Maji yanapokauka, tembo na nyati hutangulia kwenye majani marefu na magumu, huyakanyaga na kuyalaza. Machipukizi mafupi hujitokeza, na hapo nyamera, sheshe na wengine wadogo hupata chakula. Mvua zikirudi, bonde hufurika, wanyama huhamia nchi kavu na nyasi hupumzika.

Alichapisha maelezo hayo mwaka 1960. Baadaye alifanya kazi katika Hifadhi za Taifa, mkoani Arusha. Kitabu chake kuhusu nyasi za Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1973, naye akafariki mwaka 1974.

Tangu wakati huo, bonde limepokea makundi makubwa ya ng'ombe huku wanyamapori wakipungua. Ng'ombe nao hula nyasi hizo, lakini wakibaki mahali pamoja mwaka mzima, zamu huvunjika na nyasi hukosa muda wa kujirudishia nguvu.

Hivyo, wafugaji wanaokubaliana kuliachia bonde wakati wa masika na kulirudia kiangazi hawapotezi malisho. Wanaweka akiba, kwani ng'ombe aliyekonda mnadani hana bei.