Seydou Keïta: Seremala aliyehifadhi sura za wakazi wa Bamako

MNAMO 1935, mvulana mmoja wa Bamako aliyelelewa katika useremala alipata zawadi iliyogeuza maisha yake. Mzee wa ukoo wake, aliyerejea kutoka Senegal, alimletea kamera ndogo aina ya Kodak Brownie yenye filamu ya picha nane pekee.

Mvulana huyo, Seydou Keïta, alizaliwa yapata mwaka wa 1921 katika mji huo, ambao sasa ni jiji kuu la Mali. Hakusomea upigaji picha darasani. Ufundi wa kuosha filamu na kuchapisha picha aliupata kwa Mfaransa Pierre Garnier, aliyekuwa na duka la vifaa vya kamera, na kwa mpiga picha Mountaga Dembélé.

Mnamo 1948 alifungua studio yake mtaani Bamako-Koura, karibu na gereza kuu. Wateja walimiminika: makarani, maharusi, akina mama na watoto wao, na vijana watanashati. Asiyekuwa na koti au saa aliazimwa. Redio na hata pikipiki ya Vespa vilikuwapo, ili kila mmoja aonekane jinsi alivyotaka kukumbukwa.

Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu. Pazia la kwanza lililotundikwa nyuma ya wateja lilikuwa tandiko la kitanda cha Keïta mwenyewe. Kila baada ya miaka miwili au mitatu alibadilisha kitambaa, na miongo kadhaa baadaye nakshi zake ndizo zilizomkumbusha mwaka wa kila picha.

Mali ilijipatia uhuru mnamo 1960. Miaka miwili baadaye Keïta aliajiriwa na serikali kuwa mpiga picha wake, kisha akaifunga studio. Alistaafu mnamo 1977. Hata hivyo, filamu za wateja wake hakuzitupa. Alizitunza kwa maelfu.

Mnamo 1991 baadhi ya picha hizo zilionyeshwa New York, zikitajwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana. Mfaransa André Magnin alifunga safari hadi Bamako kumsaka mwenyewe, akampata. Mnamo 1994 Paris ilimwandalia maonyesho makubwa, safari hii kwa jina lake.

Keïta aliaga dunia jijini Paris mnamo Novemba 2001. Majina ya wengi waliosimama mbele ya kamera yake hayajulikani hadi leo. Nyuso zao zingalipo, na nakshi za kitambaa kile zingali zikieleza ni lini walifika studioni.