Kivoi na Mlima wa Theluji

Muulize mwanafunzi ni nani aliyeuona Mlima Kenya kwanza, naye atajibu bila kusita kuwa ni mmishenari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, tarehe 3 Desemba 1849. Jibu hilo hupata alama, ilhali lina kasoro kubwa. Krapf hakuubahatisha mlima huo. Alikwisha kuelezwa habari zake na mwenyeji wake, Kivoi wa Mwendwa.

Kivoi alikuwa kiongozi mashuhuri wa Kitui, ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu pwani. Krapf alitoka Rabai mwanzoni mwa Novemba 1849, akapita Kikumbulyu, katika Makueni ya leo, hadi akafika kwa Kivoi. Huko alisimuliwa juu ya mlima wenye kitu cheupe kileleni, ambao Kivoi alikuwa ameuona kwa macho yake. Siku chache baadaye mgeni naye akauona, umbali wa zaidi ya kilomita 100. Wataalamu wa jiografia wa London, akiwemo Desborough Cooley, walikataa katakata kuwa theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Mzee wa Kitui asiyejua kusoma ndiye aliyekuwa na ukweli.

Hata jina lenyewe ni ushahidi. Wakikuyu huuita mlima huo Kirinyaga. Katika matamshi ya Wakamba, sauti za r na g hudondoka, likabaki Kiinyaa. Krapf aliandika alivyosikia Ukambani, na mwaka 1920 koloni nzima ikapewa jina hilo.

Mnamo Agosti 1851, Kivoi alimwongoza tena Krapf, safari hii kuelekea Mto Tana. Walipokaribia mto walivamiwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa. Krapf alinusurika, akatangatanga nyikani akichukua maji ndani ya mtutu wa bunduki. Jamaa za marehemu walimlaumu kwa kumwacha mwenyeji wake afe. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji asipone.

Simdharau Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa 1882, ingali hazina kwetu wanaisimu. Ninachowasihi walimu wenzangu ni hiki: swali hilo likiulizwa tena darasani, jina la Kivoi litangulie.