Fundi cherehani aliyempa dubu mwili: Maisha ya Margarete Steiff

KATIKA soko la Gikomba, marobota ya mitumba yanapokatwa kamba alfajiri, si nguo peke yake zinazomwagika. Miongoni mwa sweta na makoti ya Ulaya hutokeza pia wanasesere wa kitambaa: sungura aliyepoteza jicho, tembo aliyebonyea tumbo na, mara nyingi zaidi, dubu. Wachuuzi huwapanga juu ya magunia kando ya njia. Kufikia jioni wengi wao huwa wamekwisha kuhamia Pumwani, Bahati, Kaloleni, Umoja au Kayole, wengine wakilala na watoto, wengine wakining'inia mbele ya dereva wa matatu.

Dubu si mnyama wa nchi hii. Jina lake lenyewe lilikuja na Kiarabu, na mtoto wa Eastlands humfahamu kwa picha za vitabuni na kwa huyo wa kushonwa, basi. Dubu wa kuchezea mwenye shingo, mikono na miguu inayozunguka alitoka katika karakana ya mwanamke mmoja Mjerumani ambaye hakuwahi kusimama kwa miguu yake tangu utotoni. Aliitwa Margarete Steiff.

Alizaliwa Julai 24, 1847 katika mji mdogo wa Giengen, kusini mwa Ujerumani, wakati ambapo eneo hilo lilikuwa bado chini ya ufalme wa Württemberg. Baba yake, Friedrich, alikuwa fundi mkuu wa ujenzi. Margarete alikuwa wa tatu kati ya watoto wanne. Waliomtangulia ni dada zake Marie na Pauline, na kitinda mimba alikuwa mvulana, Fritz.

Akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa kali. Homa ilipotulia, miguu yake ilikuwa imepooza na mkono wa kulia ukawa dhaifu, kila akiuinua unamuuma. Ilipita miaka mitatu hivi kabla ya madaktari kuutambua ugonjwa huo, nao ulikuwa polio. Hapakuwa na chanjo. Ile ya kwanza ilianza kutumika mwaka 1955. Wakazi wa Eastlands hawahitaji kuelezwa sana habari za maradhi hayo. Mnamo 2018 virusi vya polio viligunduliwa katika maji taka ya Kamukunji, na wahudumu wa afya wakalazimika kupita mlango kwa mlango wakiwatilia watoto matone mdomoni.

Wazazi wa Margarete walihangaika naye kama mzazi yeyote ambavyo angehangaika. Mwaka 1856, alipokuwa na miaka tisa, alipelekwa Ludwigsburg kutibiwa na daktari wa watoto, kisha akapelekwa Wildbad, mji wa chemchemi za maji moto yaliyosifiwa kwa kuponya viungo. Fedha zilitumika, safari zikafanywa, miguu ikabaki vile vile.

Shuleni alifika kwa mkokoteni. Ndugu zake na watoto wa jirani walimvuta njiani, na mama mmoja wa karibu na shule alikuwa akimbeba hadi darasani. Katika mji wa aina hiyo, karne ile, msichana asiyeweza kutembea hakutarajiwa kuolewa, wala hakutarajiwa kujilisha. Hatima yake ilidhaniwa kuwa kiti cha pembeni katika nyumba ya ndugu.

Alipofika miaka 17 alifanya uamuzi ambao huenda ndio mkubwa kuliko yote aliyoyafanya baadaye katika biashara. Aliacha kutafuta tiba. Alieleza miaka mingi baadaye kwamba kuisaka afya bila kikomo humnyima binadamu utulivu, na kwamba aliona heri ayapokee maisha jinsi yalivyompata. Yeyote anayejua jinsi jamaa wanavyomzungusha mgonjwa kutoka hospitali hadi kwa mganga, na kutoka kwa mganga hadi mkutano wa maombi, ataelewa uzito wa uamuzi huo kwa msichana wa umri ule.

Alikuwa amekwisha kujiandikisha katika shule ya ushonaji. Mkono wa kulia ulimsumbua na mwanzoni kazi yake haikupendeza, lakini alivumilia hadi akahitimu. Dada zake walifungua duka la kushona nguo za kike mnamo 1862 naye akafanya kazi nao. Pembeni alifundisha watu kupiga zeze la meza, ala ya nyuzi inayopendwa sana kusini mwa Ujerumani, ili aongeze senti.

Kutokana na jasho hilo ilinunuliwa cherehani, inayosemekana kuwa ya kwanza mjini Giengen. Hapa pana jambo ambalo kila fundi cherehani, awe wa Kariokor au wa Dandora, atalielewa mara moja. Gurudumu la cherehani limewekwa upande wa kulia, nao mkono wa kulia wa Margarete haukuwa na nguvu ya kulizungusha. Kanyagio nalo halikuwa na faida kwake. Basi aliigeuza mashine nyuma mbele, gurudumu likaja kushoto kwake, akashona hivyo kwa mkono uliokuwa mzima.

Dada zake waliolewa na kuondoka. Mwaka 1874 baba yake alibadilisha sehemu ya nyumba akamtengenezea chumba cha ushonaji, na 1877 Margarete akafungua duka lake mwenyewe la mavazi ya feliti. Kitambaa hiki hakifumwi. Sufu huloweshwa kwa maji moto na kushindiliwa hadi nyuzi zishikane zenyewe. Ubora wake kwa fundi ni kwamba ukikikata hakichanuki uzi, hivyo hakuna haja ya kupinda ukingo. Giengen palikuwa na kiwanda cha feliti cha jamaa wa upande wa mama yake, na Margarete akawa anashona sketi za ndani zilizopendwa kwa kuhifadhi joto. Kazi ikamlemea, akaajiri wanawake wengine.

Mwishoni mwa 1879 aliona katika jarida moja la mitindo kielelezo cha tembo mdogo wa kitambaa. Akamshona kwa vipande vya feliti, akamjaza mabaki ya sufu, akawagawia jamaa na marafiki watembo kadhaa wa aina hiyo. Nia yake haikuwa mchezo hata kidogo. Tembo huyo alikuwa kimto cha kuchomekea sindano, chombo cha fundi mezani. Ila watoto walipomwona hawakujali sindano. Walimchukua wakaenda kucheza naye.

Wanasesere wa wakati huo walikuwa wa mbao, wa bati au wenye vichwa vya kauri, vitu vizuri vya kutazamwa kabatini lakini vigumu kukumbatiwa. Tembo wa feliti alikuwa laini, mwepesi, na akianguka havunjiki. Fritz, ndugu yake, ndiye aliyeona kwamba hapo pana biashara. Alichukua mzigo wa tembo hao hadi soko la Heidenheim, mji wa jirani, nao wakanunuliwa. Mwaka 1880 ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kampuni. Kufikia 1886 tembo zaidi ya 5,000 walikuwa wamekwisha kuuzwa, na nyani, punda, farasi, ngamia na nguruwe walikuwa njiani.

Yafaa kusisitiza hapa kwamba mtaji wa kwanza wa biashara hiyo ulikuwa vipande. Vile vilivyobaki sakafuni baada ya sketi kukatwa ndivyo vilivyogeuka masikio na mikonga.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Karibu na 1890 familia ilihamia jengo jipya lenye duka, karakana na makao yaliyopangwa ili Margarete aweze kupita na kiti chake cha magurudumu. Katalogi ya kwanza ilitoka 1892. Mwaka 1893 kampuni ilisajiliwa kama kiwanda cha wanasesere wa feliti na ikapeleka bidhaa katika maonyesho ya biashara ya Leipzig. Margarete hakuwahi kuolewa wala kupata mtoto, lakini Fritz alikuwa na wana sita, nao mmoja baada ya mwingine waliingia katika kazi ya shangazi yao.

Mmoja wao, Richard, aliyezaliwa 1877, alisomea sanaa mjini Stuttgart na alizoea kuketi katika bustani ya wanyama ya huko akichora dubu. Mwaka 1902 alibuni dubu wa sentimita 55 mwenye manyoya ya mbuzi wa Angora, ambaye viungo vyake viliweza kuzungushwa. Shangazi yake alisitasita. Manyoya hayo yalikuwa ghali, na mnyama mwenyewe alikuwa mkubwa na mzito kwa mtoto. Dubu huyo alipopelekwa Marekani mapema 1903 hakupokewa vizuri. Lakini katika maonyesho ya Leipzig ya Machi mwaka huo, wakati vibanda vilipokuwa vinakaribia kufungwa, mnunuzi mmoja kutoka Marekani aliagiza dubu 3,000.

Bahati ilikuwa imewatangulia ng'ambo. Novemba 1902 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikwenda kuwinda dubu katika jimbo la Mississippi, akakataa kumpiga risasi dubu aliyekuwa amefungwa mtini kwa kamba. Mchoraji Clifford Berryman alilichora tukio hilo gazetini, na huko Brooklyn mwenye duka Morris Michtom na mkewe Rose wakashona dubu na kumpa jina la utani la rais, Teddy. Hivyo bara mbili zilimzaa dubu wa kitambaa karibu kwa wakati mmoja, na mabishano kuhusu nani alitangulia hayajaisha hadi leo. Lisilobishaniwa ni kwamba karakana ya Giengen ndiyo iliyompa viungo na kumtengeneza kwa wingi.

Katika maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904 kampuni iliuza dubu 12,000. Waigaji walipozidi, Franz, mpwa mwingine, alikuja na wazo la kupigilia kifungo cha chuma katika sikio la kila mwanasesere. Kifungo cha awali kilikuwa na sura ya tembo. Hadi leo alama hiyo ndiyo inayotenganisha dubu wa Steiff na wengine. Mwaka 1994, katika mnada mjini London, dubu mmoja wa kampuni hiyo wa mwaka 1904 hivi aliuzwa kwa pauni 110,000. Mchuuzi wa Gikomba hatapoteza kitu akichungulia masikio ya mzigo wake kabla ya kutaja bei.

Mwaka 1907 ulikuwa wa kilele. Dubu wapatao 974,000 walitengenezwa, na waliowatengeneza walikuwa wafanyakazi 400 kiwandani na wengine 1,800 waliofanyia kazi majumbani mwao. Hao wa majumbani walikuwa nguzo ya biashara, wengi wao wakiwa wanawake wa Giengen na vijiji vya jirani. Walipewa vipande vilivyokwisha kukatwa, wakavishona mezani huku chungu kikiwa motoni, wakarudisha kazi na kulipwa kwa hesabu ya vipande. Ni utaratibu ambao mama wengi wanaoshona majumbani katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi wanaujua vyema, pamoja na ubora wake na ubovu wake. Jina lililopigiliwa sikioni lilikuwa moja tu.

Margarete mwenyewe aliendelea kukagua. Kila mnyama mpya alipobuniwa, sampuli ya kwanza ilipitia mikononi mwake ili atazame kasoro kabla ya wengine kushonwa. Mwaka 1906 kampuni iligeuzwa kuwa ya hisa za familia, na wapwa wakawa wasimamizi.

Aliaga dunia Mei 9, 1909 kutokana na nimonia, akiwa na umri wa miaka 61.

Wakati huo huo, mtu ambaye dubu alichukua jina lake alikuwa hapa Kenya. Roosevelt, aliyekuwa amestaafu urais miezi miwili kabla, aliteremka Mombasa Aprili 21, 1909 akapanda treni hadi nyanda za Kapiti, na mwezi wa Mei ulimkuta akiwinda kati ya Machakos na Ol Donyo Sabuk. Safari hiyo, ambayo ilifika hadi Sudan, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, wakiwemo simba 17 na tembo 11. Huruma ya Mississippi haikusafiri naye.

Mmoja wa waliompokea ni tajiri William Northrup McMillan, katika shamba lake la Juja. Jina la McMillan ndilo lililobaki katika maktaba iliyofunguliwa katikati mwa Nairobi mnamo 1931, ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Matawi yake mawili yako Eastlands, Kaloleni na Makadara, na humo watoto wa mitaa hiyo husoma, pamoja na mengine, hadithi za dubu.

Kampuni haikufa na mwanzilishi wake. Makao yake yangali Giengen, ingawa baadhi ya kazi ya kushona ilihamishiwa Tunisia, na mwaka 2005 jumba la makumbusho lilifunguliwa mjini humo. Karibu nalo lingali limesimama jengo la kiwanda lililojengwa 1903 kwa chuma na vioo vitupu, ili washonaji wapate mwanga wa kutosha. Wenyeji walilicheka, wakaliita tangi la samaki la mabikira, kwa kuwa wasichana waliofanya kazi humo walionekana kutoka nje. Ndani yake waliweka njia ya mteremko badala ya ngazi peke yake, ili mwenye kampuni aweze kusukumwa kwa kiti chake hadi orofa za juu na kuona kazi inavyokwenda.