Kabla ya penisilini, Fleming alisaka majibu kwenye machozi

Ukisikia jina Alexander Fleming, bila shaka akili inakimbilia penisilini. Ndivyo tulivyofunzwa shuleni. Lakini je, wajua kwamba miaka saba kabla ya penisilini, mwanasayansi huyu alikuwa akihangaika na machozi? Naam, machozi haya haya yanayokutoka ukikata kitunguu.

Hebu tuanze mwanzo. Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881, katika shamba la Lochfield karibu na mji mdogo wa Darvel, Scotland. Kwao walikuwa wakulima. Babake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka saba tu. Alipokuwa kijana alihamia London kwa nduguze, akasoma kidogo, kisha akaajiriwa karani katika kampuni ya meli. Kazi ile hakuipenda hata chembe, ila alivumilia miaka minne.

Mnamo 1901 alipata urithi wa pauni 250 kutoka kwa jamaa yake aliyefariki. Wewe ungezifanyia nini? Yeye alifuata ushauri wa kaka yake, aliyekuwa tayari daktari, akajiunga na chuo cha udaktari cha St Mary's mtaani Paddington. Alifuzu 1906 na kubaki pale pale kama mtafiti.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, alipelekwa Boulogne, Ufaransa, kuhudumia wanajeshi. Huko aliona jambo lililomkera. Madaktari walikuwa wakimimina dawa kali za kuua viini kwenye majeraha, na bado wanajeshi walikufa kwa wingi. Fleming alipopima, aligundua kwamba katika vidonda vyenye kina, dawa hizo hazikufikia viini vyote, bali ziliua chembechembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili wenyewe. Tangu hapo swali likawa moja: mwili una silaha gani zake, ambazo hazimdhuru mwenyewe?

Jibu la kwanza lilitoka puani. Mwaka wa 1921, akiwa na mafua, alitia kamasi yake kwenye kisahani cha maabara chenye bakteria. Unacheka? Basi zile bakteria zilizokuwa karibu na kamasi ziliyeyuka. Akajaribu machozi, mambo yakawa yale yale, tena kwa kasi. Ndani yake mlikuwa na kimeng'enya kinachobomoa ukuta wa bakteria. Kikaitwa lisozimu, na 1922 akachapisha matokeo yake.

Sasa shida ikawa moja: machozi ya kutosha yatatoka wapi? Fleming na wenzake walijikamulia maganda ya limau machoni, na wahudumu wa maabara wakawa wanalipwa vijisenti ili walie. Gazeti la hospitali hata lilichora katuni ya watoto wakichapwa huku machozi yao yakikingwa chomboni. Wanasayansi wengi hawakuvutiwa na ugunduzi ule, kwani lisozimu iliua zaidi bakteria zisizo na madhara makubwa. Jamaa hakukata tamaa. Jicho lake lilikuwa limeshazoea kutambua bakteria zinazoyeyuka, na ndiyo maana 1928 alipoona kuvu imefanya vivyo hivyo kwenye kisahani, hakukitupa.

Na hapa macho yanarudi tena. Mnamo 1930, daktari Cecil Paine wa Sheffield, aliyesomea St Mary's, alimwomba Fleming ile kuvu. Alitumia majimaji yake kutibu mtoto mchanga aliyeambukizwa kisonono machoni. Mtoto akapona. Hiyo ni miaka zaidi ya 10 kabla ya dunia kuipata penisilini kwa wingi kupitia kazi ya Howard Florey na Ernst Chain. Watatu hao, Fleming akiwemo, walituzwa Nobel 1945. Fleming aliaga dunia Machi 11, 1955, na kuzikwa katika kanisa kuu la St Paul's, London.

Kwa nini haya yakuhusu wewe? Kwa sababu lile chozi alilolichunguza limekuwa kama barua ambayo daktari anaweza kuisoma. Mtu mwenye ugonjwa wa macho makavu, lisozimu katika machozi yake hupungua. Tabaka la juu la jicho likivimba na kuwasha, kimeng'enya kingine kiitwacho MMP-9 huongezeka. Siku hizi kuna kipimo kinachogusishwa tu ndani ya kope la chini na kutoa jibu kwa takriban dakika 10. Kinasaidia kwa sababu macho mekundu hufanana: mzio, viini, ukavu, yote huwasha. Tiba zake lakini si moja.

Kwa hivyo macho yakikuwasha kwa siku kadhaa, usikimbilie kuazima matone ya rafiki yako, wala kununua dukani dawa yoyote iliyomfaa jirani. Baadhi ya matone yana steroidi. Huondoa wekundu haraka, nawe unadhani umepona, kumbe ukiyatumia kiholela yanaweza kukuletea presha ya macho na mtoto wa jicho, na hatimaye upofu. Ni yale yale ya Boulogne: dawa isiyofaa humuumiza askari wako mwenyewe.

Usiyasugue. Nawa mikono, kisha uende kliniki ya macho ukaangaliwe. Chozi lako lina mengi ya kusema kuliko unavyodhani, mradi tu lipate mtu anayejua kulisoma.