Wangila, Bingwa Aliyekataa Kusimamishwa

Jumapili moja mwenyeji wangu alinipeleka Mukuru kwa Njenga kutazama ndondi za vijana. Ulingo wenyewe ulikuwa kamba zilizofungwa kwenye nguzo nne, na sakafu yake ni vumbi la uwanja. Kijana kipenzi cha mtaa, ambaye watu walikwisha kumpa ushindi kabla hajavua shati, alikutanishwa na mgeni asiyekuwa na nia ila kujikinga. Mgeni huyo aliinamisha kichwa, akabana viwiko mbavuni, akawa kobe ndani ya gamba lake. Kipenzi naye hakujitosa. Alidonoa kwa mkono wa kushoto, akarudi nyuma, akadonoa tena, hata raundi tatu zikesha. Akapewa ushindi wa pointi, na watu wake mwenyewe wakamzomea.

Mzee aliyeketi ubavuni mwangu aliguna. Kwa maoni yake, Wangila angalimlaza kobe yule katika raundi ya kwanza. Nami nikaitikia kwa kichwa, kisha nikajuta njia nzima ya kurudi mjini.

Ndugu msomaji, huenda vijana wetu wanalijua jina lakini hawamjui mwenyewe. Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Mwaka 1988 alikwenda Seoul katika michezo ya Olimpiki, uzani wa welta, kilo 67, na katika uzani huo macho ya wengi yalikuwa kwa Mmarekani Kenneth Gould. Wangila alipofika nusu fainali, Jan Dydak wa Poland hakupanda ulingoni, na bondia wetu akapita bila ya kurusha konde. Huo ndio ushindi mkavu kupita wote, na wala sikumbuki mtu yeyote kwetu aliyeulalamikia.

Fainali ilikuwa na Laurent Boudouani wa Ufaransa, aliyekuwa amemtoa Gould. Nilikuwa kijana bado, sikio nimelibandika redioni pamoja na wenzangu barazani. Katika raundi ya pili Wangila alimwangusha Mfaransa, na kazi ikaishia hapo. Sisi tuliruka, tukamwaga kahawa ya watu! Kenya ilirudi na dhahabu tano mwaka ule. Nne zilikuwa za wakimbiaji, Ereng, Rono, Kariuki na Ngugi, na ya tano ilikuwa ya ngumi. Mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Kusini ya Sahara, ukiiweka kando Afrika ya Kusini, hakuna bondia aliyewahi kuipata kabla yake.

Dhahabu hailiwi. Wangila aliingia katika ndondi za kulipwa akahamia Marekani, ambako mtu hupigana raundi kumi, wala si tatu, tena bila kofia ya kukinga kichwa. Alishinda mapambano mengi, lakini ukanda wa dunia hakuupata. Na sisi huku nyumbani, kila alipopoteza, tulimsema kwamba amepoa.

Hapa niruhusiwe kutoka nje kidogo. Joe Louis, bingwa wa uzito wa juu, mjukuu wa watumwa, tarehe 9 Februari 1940 alikutana mjini New York na Arturo Godoy wa Chile. Godoy aliinama karibu kugusa sakafu kwa raundi zote 15. Louis hakujua ampige wapi. Waamuzi waligawanyika, na bingwa akashinda kwa taabu, watu hawakuridhika. Louis aliubeba ushindi ule mbaya akaenda nao nyumbani. Mwezi Juni walirudiana, na safari hii Godoy hakuvuka raundi ya nane. Alhasili, aliyezomewa Februari alishangiliwa Juni, kwa kuwa alikuwapo.

Wangila hakujua kupigana kwa kujiwekea akiba. Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Makonde yalimzidi, na katika raundi ya tisa refa akasimamisha pambano. Wangila alikuwa bado wima, na aliupinga uamuzi ule, alitaka kuendelea. Kisha akaenda chumba cha kubadilishia nguo, na huko akapoteza fahamu. Alifariki tarehe 24 Julai kwa jeraha la ubongo. Miaka 26! Maiti ilipoletwa Nairobi, jamaa walibishana kama azikwe kwa taratibu za Kiislamu au za Kikristo, na hata kaburini hakwenda kwa utulivu. Mola amrehemu.

Refa alilaumiwa na yule aliyekuwa akimwokoa, na pengine alikuwa amekwisha kuchelewa. Mimi sina ugomvi na refa. Ninajiuliza sauti ile iliyomwambia Wangila asikubali kusimama ilitoka wapi, na nasikia humo sauti yangu ya barazani mwaka 1988, na mguno wa yule mzee wa Mukuru.

Tulipokuwa tukiondoka uwanjani, nilimwona yule kijana aliyezomewa. Alikuwa amesimama kwa muuza mahindi pamoja na kobe wake, wakigawana hindi moja la kuchoma. Usoni hakuwa na hata mkwaruzo. Nilimpa mkono nikamwambia amepigana vizuri, naye akanitazama akidhani namfanyia mzaha.