Padre Ruđer Bošković na Vipimo Visivyopatana

Mwaka 1750 Papa Benedikto XIV aliwatuma mapadre wawili Wajesuiti, Mwingereza Christopher Maire na Ruđer Bošković wa Dubrovnik, wapime urefu wa digrii moja ya latitudo kati ya Roma na Rimini. Kazi hiyo iliwachukua takribani miaka miwili ya kupanda milima na kushuka wakiwa na vyombo vyao.

Bošković, aliyezaliwa tarehe 18 Mei 1711, alikuwa mwalimu wa hisabati mjini Roma. Papa huyohuyo alikwisha kumwita, pamoja na wenzake wawili, kuchunguza nyufa za kuba la Basilika la Mtakatifu Petro.

Newton alikuwa amefundisha kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Kama ndivyo, digrii moja huwa ndefu zaidi karibu na ncha kuliko kwenye Ikweta. Bošković alichagua vipimo vitano: vya Quito, Rasi ya Tumaini Jema, Roma, Paris na Lapland. Vipimo viwili vyatosha kukadiria umbo la dunia. Vitano huzaa jozi kumi. Alizikokotoa zote, na majibu yakapishana vibaya mno. Alijaribu wastani, akajaribu tena baada ya kuziacha jozi mbili; hakuridhika.

Hapo palikuwa na kishawishi. Aliyetaabika miaka miwili milimani angeweza kukitetea kipimo chake na kuvilaumu vya wengine. Yeye alikiweka kipimo cha Roma katika safu moja na vingine, nacho kistahili kusahihishwa kama vyote. Kwangu mimi, uamuzi huo una uzito kuliko hesabu yenyewe.

Mwaka 1757 alitangaza kanuni yake. Masahihisho ya kuongeza yalingane kwa jumla na ya kupunguza, kwa kuwa kosa laweza kuelemea upande wowote. Na jumla ya masahihisho yote, bila kujali upande, iwe ndogo kadiri iwezekanavyo, ili tusiviache mbali vipimo vilivyofanywa. Mwaka 1760 alieleza namna ya kulipata jibu hilo kwa jiometri. Laplace aliipokea njia hiyo na kuiendeleza.

Shirika lake lilipofutwa mwaka 1773, Bošković alihamia Ufaransa. Alifariki Milano tarehe 13 Februari 1787.

Mwaka 1805 Legendre alichapisha njia ya kujumlisha miraba ya makosa, iliyo nyepesi kukokotoa, nayo ikatawala. Lakini tazama gunia lililopimwa mara tano: kilo 90, 91, 91, 92 na 120. Njia ya miraba hutoa kilo 96.8, uzito ambao mizani haikuuonyesha hata mara moja. Sharti la pili la Bošković, likitumika peke yake, hutoa 91. Ndiyo maana wanafizikia wanaoshuku kuwa kipimo kimoja kimeharibika hulirudia hadi leo.